Kiota Chenye Alama ya Ndege

Jumamosi, 7 Machi

Mvua imeanza leo asubuhi, na mimi nimeanza shule. Yule binti wa miwani anayeongoza Kikundi cha Watumiaji wa Kanzidata ametuagiza kila mwanachama awe na daftari, aandike kila siku alichofanya, hata kama ni mstari mmoja. Mimi si mtu wa kalamu. Shule niliiacha mapema kwa sababu mikono yangu ilikuwa na haraka. Lakini nikisema nitafanya, nafanya. Mtaa mzima unajua.

Kanzidata ni programu ya kompyuta. Unaijaza habari zako kwenye majedwali, kila kitu na mstari wake, halafu siku ukiwa na swali unaiuliza, inakujibu. Tunajifunzia chumba cha nyuma cha maktaba. Kompyuta za mezani zimepangwa kando ya ukuta kama wagonjwa wanaomngoja daktari. Wenzangu wote wana nywele nyeusi, hata Katibu wa timu ya mpira ya maveterani, ila huyo nahisi anapaka rangi.

Kilichonipeleka ni hiki. Mimi ni seremala, na vitanda vyote vya watoto wachanga vya mtaa huu ni kazi ya mikono yangu. Mke wangu aliviita viota. Hatukuuza hata kimoja. Mwenye mtoto anaazima, mtoto akikua anakipeleka kwa mwenye mtoto mwingine. Nani anacho, nani anakifuata, yote yalikaa kichwani mwa mke wangu. Mwaka jana akafariki, akaondoka nayo.

Sasa kitindamimba wetu ni mjamzito. Mara mbili amebeba na mara mbili amepoteza. Mumewe ni dereva wa malori, yuko safarini, kwa hiyo amekuja kulala kwangu, na daktari amemkataza hata kufagia. Hataki kununua kitu chochote mpaka mtoto aje. Ameomba kitu kimoja tu, kile kiota alicholalia yeye mwenyewe alipokuwa mchanga. "Nikijua kipo, Baba, nitatulia."

Nikamwambia, mwanangu, hicho kesho kutwa utakiona hapo ulipo.

Sijui kiko wapi.

Jumapili, 8 Machi

Mvua. Paja linauma.

Jumanne, 10 Machi

Nimeanza kuzunguka nyumba kwa nyumba. Kila kiota nilikichoma alama chini kwa msumari wa moto: samaki, ufunguo, jani, mwezi. Cha binti yangu kina ndege. Nilikitengeneza kwanza kabla ya vyote na hakuna fundi mwingine angeweza kuunga zile kona bila msumari.

Nyumba zote nitafika isipokuwa moja. Kwa Mama Cherehani siendi. Ni jirani yangu ukuta kwa ukuta, anashona nguo, na bomba la maji ya paa lake limepinda kuja kwangu. Mvua ikinyesha yeye anakauka, mimi naogelea na maranda yangu. Nilimwambia mwaka jana, akanijibu paa ni la mwenye nyumba. Tangu hapo salamu basi.

Jumamosi, 14 Machi

Somo la pili. Nimekishika kipanya cha kompyuta. Kinakimbia kama kuku aliyeona kisu. Binti Miwani ameniwekea mkono wake juu ya wangu, akasema, "Taratibu, babu, huna haja ya kukibana, hakina damu." Nikamwambia mkono huu umeshika randa kabla mama yako hajazaliwa. Akasema, "Ndiyo maana kinaogopa."

Ana mdomo yule. Nampenda.

Jumatano, 18 Machi

Nyumba ya muuza mkate. Ya fundi baiskeli. Ya yule mwalimu mwenye mapacha. Kila ninapoingia naandika: jina la nyumba, alama ya kiota, walikipata kwa nani, wakampa nani. Jioni naingiza kwenye kompyuta ya zamani ambayo kikundi kimeniazima. Nimeiweka juu ya meza ya kazi na kuifunika shuka isipate vumbi. Binti yangu ananitajia herufi akiwa kitandani, mlango wazi. Nikikosea anacheka. Mara nyingine nakosea makusudi.

Jumatatu, 23 Machi

Leo nimesikia jambo. Miaka yote mke wangu alikuwa akifunga kitambaa mchana na kuniambia, "Nakwenda kukagua viota." Nami nilikuwa nikijisemea, huyu anakwenda kupiga soga. Mke wa fundi baiskeli ameniambia leo, "Alikuwa anafika, ananipokonya mtoto, ananiambia lala. Ananiacha nilale mpaka nishibe. Kiota chenyewe hata hakukiangalia." Na muuza mkate alisema hivyo hivyo wiki jana, ila sikumsikiliza, nilikuwa natafuta alama.

Nimemwambia binti yangu. Akasema, "Wewe ulikuwa hujui, Baba?"

Jumanne, 24 Machi

Mvua. Bomba la Mama Cherehani limelowesha mbao mbili za mninga. Ninamwangalia tu.

Jumamosi, 28 Machi

Imetangazwa Siku ya Mafunzo, tarehe kumi na moja. Vikundi vya mitaa mingine vitakuja, na kila mmoja wetu atasimama mbele na kuonyesha kanzidata yake ukutani, kwa ile mashine inayomulika. Katibu ataonyesha jedwali la magoti. Amewaandika wachezaji wake wote na goti gani limeharibika, la kulia au la kushoto, ili asiwapange wawili wabovu upande mmoja. Mimi sina wasiwasi. Ukurasa wangu ni mrefu kuliko wa mtu yeyote.

Alhamisi, 2 Aprili

Binti yangu ameamka na maumivu. Muuguzi amekuja, amempima, amesema mtoto anacheza, ila asiinuke kabisa. Alipoondoka nikaulizwa tena, "Baba, kiota?"

Nikasema, "Kinapigwa msasa."

Ulimi wangu huu.

Jumamosi, 11 Aprili

Siku ya Mafunzo. Nitaandika yote, hata yale nisiyoyapenda.

Nilivaa koti la harusi. Chumba kilijaa mpaka watu wakasimama mlangoni na miavuli inayodondosha. Katibu akaonyesha magoti yake, akapigiwa makofi. Zikafuata kanzidata nyingine mbili. Kisha Binti Miwani akasema, "Sasa fundi wetu."

Nikasimama. Nikawaambia mimi ni nani, na walionijua wakaitikia kwa kichwa. Nikawaambia mtaa huu haujalaza mtoto chini kwa sababu yangu. Nikabonyeza ripoti kama nilivyofundishwa, ukuta ukajaa mistari yangu, na chini kabisa ikaandika: idadi ya viota, sitini na nane.

Nikanyoosha mkono kama mwenye shamba. "Sitini na nane," nikasema. "Na mikono hii miwili."

Makofi. Hata Katibu alipiga. Binti Miwani alikuwa ameinamisha kichwa anaangalia ule ukuta, miwani imeshuka puani. Akaniuliza pole pole, "Babu, viota vya samaki ulitengeneza vingapi?"

"Kimoja. Mimi sirudii alama."

"Mbona hapa viko tisa?"

Nikageuka. Samaki muuza mkate, samaki fundi baiskeli, samaki mwalimu, samaki, samaki. Mtu mmoja wa mtaa mwingine akasema, "Mzee, samaki wako wamezaana!" Chumba kikaangua kicheko. Na mimi, ambaye sijawahi kukimbia mbao wala mtu, nikachukua kofia yangu nikatoka.

Nilikaa kwenye ngazi za maktaba. Mvua ilikuwa inapiga barabara. Nilijua nilichofanya kabla sijafika ngazi ya mwisho: kila nyumba niliyoingia, niliandika kiota kana kwamba ni kipya. Kiota kimoja kimelaza watoto tisa, mimi nikakifanya viota tisa. Viota vyangu vya kweli havizidi kumi na viwili. Nilichojua kuhesabu ni kazi ya mikono yangu. Safari za kiota, nani alikibeba kwenda kwa nani, nani alimpigia nani hodi, hiyo ilikuwa kazi ya mke wangu, na kwenye jedwali langu haikuwa na mahali.

Binti Miwani akatoka akakaa ngazi ile ile, sketi yake inalowa.

"Sirudi humo," nikasema.

"Sawa, babu."

"Watoto wale wananicheka."

"Walicheka samaki. Walipoona umetoka wamenyamaza wote, hakuna anayemwangalia mwenzake." Akafuta miwani. "Mimi mwaka wa kwanza niliwaandikia hospitali wagonjwa mara mbili mbili. Kwa hesabu zangu mji mzima ulikuwa umelazwa."

"Unanidanganya unifurahishe."

"Muulize Katibu. Yeye aliwaandikia wachezaji wake magoti matatu matatu."

Nilijikaza nisicheke. Nikashindwa. Akasema, "Unatafuta kiota gani, babu? Maana mtu hajifunzi kompyuta kwa ajili ya makofi."

Sikuwa nimemwambia mtu. Nikamwambia. Habari za binti yangu, za mara mbili alizopoteza, na kwamba nimemdanganya kwamba kinapigwa msasa. Aliposimama alinivuta mkono kama ananiinua kutoka kisimani.

Mchana ule wote tulifanya kazi, na wale waliocheka walivuta viti wakasaidia. Jedwali la kwanza: viota, kila alama mara moja tu. Jedwali la pili: nyumba. La tatu akaniuliza tuliiteje, nikasema, safari. Kila safari ina kiota kimoja, ilipotoka na ilipokwenda. Habari zote nilikuwa nazo tayari, nilikuwa nimezirundika tu kama maranda. Mtu mmoja anasoma, mwingine anaandika, Katibu anabishana. Kisha Binti Miwani akanifundisha kuuliza swali: nionyeshe safari za ndege tu, kwa mpangilio wake, mpaka ya mwisho.

Nikabonyeza mwenyewe.

Zikaja kama watu wanaotembea kwa mstari. Kwangu, kwa muuza mkate. Kwa muuza mkate, kwa mwalimu. Kwa mwalimu, kwa fundi viatu. Kwa fundi viatu, na hapa mke wake alikuwa ameniambia kwa kinywa chake, ila alama hakuikumbuka, na mimi nikaandika bila kufikiri nikiona ni kiota kingine, kumbe ndicho kile walichopewa na mwalimu: kwa Mama Cherehani.

Ukuta kwa ukuta na mimi. Nyumba pekee niliyoiruka.

Jumapili, 12 Aprili

Nilikwenda asubuhi, nimepanga maneno. Nitamwambia, mama, kile ni cha binti yangu, nakitaka leo. Nina haki. Nimekitengeneza mimi.

Mlango ulikuwa wazi. Anashona na mgongo wake kwangu, cherehani la kukanyaga kwa miguu. Pembeni, kwenye mwanga wa dirisha, kiota. Amefunga utepe mmoja mrefu kutoka kwenye kanyagio mpaka kwenye ubao wa kiota, kwa hiyo kila akikanyaga, kiota kinayumba. Akisimama kukata uzi, kinasimama. Ndani yake mjukuu wake amelala, ngumi moja juu kama anapiga kura. Mama yake mtoto amepata kazi mji mwingine, bibi ndiye anamlea. Nilikuwa nasikia mtoto analia nyuma ya ukuta na nilikuwa nikinung'unika.

Maneno niliyopanga yote yaliniishia pale pale.

Akageuka. "Ehe! Leo jua litatokea upande wa pili. Umekuja kugombana na bomba?"

"Nimekuja kuliangalia," nikasema. "Nina ngazi."

"Siku ya Jumapili?"

"Mimi fundi, mama, sina kalenda."

Mguu haukuacha kukanyaga. "Kaa basi. Ukimwamsha utamlaza wewe."

Jumatatu, 13 Aprili

Nimelinyoosha lile bomba. Ilikuwa kazi ya dakika chache. Kwa hiyo mwaka mzima nimelowa kwa kiburi changu na cha kwake, nusu kwa nusu. Cha kwake kimezidi kidogo.

Jumatano, 15 Aprili

Nimemwambia binti yangu ukweli. Kwamba hakipigwi msasa. Kwamba kina mtoto ndani yake, anayumbishwa kwa utepe wa cherehani, na kwamba nilikwenda kukidai nikarudi na ngazi.

Nilitegemea alie. Akaniuliza, "Anayumba kwa utepe?"

"Kwa utepe."

"Basi mwache alale, Baba. Usimwondolee." Akageukia ukuta, akasema, "Ila ningependa kingekuwa kitupu."

Maneno hayo yamenikaa kifuani kama vumbi la mbao.

Jumanne, 21 Aprili

Uchungu umemshika leo saa sita mchana, na mwezi wa nane wa mimba haujaisha.

Alipoita nilikuwa kwenye meza ya kazi. Sikuwahi kusikia sauti yake namna ile. Nilikimbia huku nimeshika tupa ya kunolea msumeno, sijui nilitaka kumtupia nani. Nikapiga ukuta kwa ngumi, nikaita "Mama!" kama mtoto, na Mama Cherehani akaingia bila viatu, mjukuu mgongoni, futi ya kupimia bado shingoni. Akanipanga kama askari. Wewe simamisha teksi. Wewe chukua kanga. Wewe acha hiyo tupa.

Barabara ilikuwa mto. Dereva wa teksi akasema hapiti, nikamwambia shuka basi niendeshe mimi, na mimi sijui kuendesha. Akapita.

Hospitali wakamchukua, mlango ukafungwa. Nikawa natembea. Kwenda, kurudi. Mama Cherehani akasema, "Kaa chini, utachimba sakafu ya watu." Sikukaa. Akasema, "Unaongea na nani?"

"Siongei."

"Midomo inacheza."

Nilikuwa namwambia mke wangu aende akakague. Aingie kule ndani ampokonye mwanangu maumivu, amwambie lala. Mama Cherehani alinyoosha mkono akanishika koti kwa nyuma, na akanishikilia hivyo hivyo mpaka nikakaa.

Ni msichana. Mdogo mno. Amelia mara moja, sauti ya paka aliyefungiwa, kisha wakamkimbiza kwenye kisanduku cha kioo chenye joto. Daktari, kijana asiye na ndevu, ameniambia, "Mzee, tusubiri. Siwezi kukuahidi." Nilitaka kumwambia mimi ni nani katika mtaa huu. Nikasema, "Asante, daktari."

Jumatano, 22 Aprili

Yu hai.

Alhamisi, 23 Aprili

Yu hai.

Ijumaa, 24 Aprili

Yu hai. Wameniruhusu kumwona kwa kioo. Kidole chake ni mfano wa msumari wa inchi moja.

Jumapili, 26 Aprili

Mama Cherehani amesikia habari za ndege kwa binti yangu, akasema mtoto akitoka hospitali kiota ni chake. Leo nimemwambia akilete nikiweke tayari. Akakataa. "Sileti kitanda kitupu nyumbani kwako, Fundi. Siku akija yeye, na mimi nakuja."

Nikakasirika. Nikarudi kwangu nikakaa na hasira yangu, na mbele yangu zile mbao mbili za mninga zilizolowa mwezi uliopita, sasa zimekauka. Zimejikunja kidogo. Nikachukua randa. Sikuwa nimetengeneza kiota tangu mke wangu afariki, nilikuwa nikiwaambia watu macho yamechoka. Si macho.

Jumamosi, 2 Mei

Asubuhi hospitali, mchana randa. Mtoto ameongezeka uzito. Binti yangu anaruhusiwa kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi. Mkwe wangu amerudi safari, mwanamume mkubwa vile, alipomwona akakaa chini kwenye korido. Binti Miwani alifika na Katibu, wamekuja na miavuli na kelele. Hakuna aliyetaja samaki.

Kona nimeziunga bila msumari.

Jumatano, 6 Mei

Kiota kipya kimekwisha. Nimepasha msumari moto, nikavipitisha vyote viwili dirishani kwa Mama Cherehani, nikamwambia achague alama, kwa kuwa ni cha mjukuu wake. Akasema, "Mimi nitachora nini, mimi?" Kisha akachora mkasi. Umepinda. Nimeuacha ulivyo.

Jumamosi, 9 Mei

Haikunyesha leo.

Wamefika saa nne. Binti yangu alishuka kwenye gari polepole, mtoto ndani ya kanga, huoni ila pua. Mama Cherehani alikuwa amesimama mlangoni kwake tangu asubuhi, najua kwa sababu na mimi nilikuwa nimesimama kwangu. Akaja na kiota kichwani, ameshakiosha, ameshakikausha, ametandika shuka aliyoishona mwenyewe. Mjukuu wake mgongoni akawa anakinyooshea mikono, anakidai. Mwenyewe ameshahamia kwenye mkasi, lakini naona hajaridhika.

Binti yangu alikigeuza kwanza chini juu. Akapitisha kidole kwenye ndege. Kisha akamlaza. Tukasimama wote tukimwangalia, watu wazima wanne, mpaka mtoto akapiga chafya na Mama Cherehani akasema, "Haya, amesharudisha salamu, tumwache."

Baadaye nimekaa kwenye kompyuta. Kiota: ndege. Kilipotoka: kwa Mama Cherehani. Kilipokwenda: kwangu. Tarehe: leo. Nimeandika kwa vidole vyangu viwili, bila kutajiwa herufi.

Binti yangu akaniita kutoka chumbani, sauti ya chini. "Baba, umeandika?"

"Nimeandika."

"Na pale pa tarehe ya kurudisha umeweka nini?"

"Sijaweka kitu. Nimepaacha wazi."

"Itakubali?"

"Ikikataa itanitambua."

Ikakubali.